Ukuta wa Bustani ya Maruhubi: Fuata Maji Kabla ya Kushika Mwiko

Ukitoka Mji Mkongwe kwa barabara ya Bububu, baada ya kilomita nne hivi, upande wa baharini, yapo magofu ya Maruhubi. Wageni huenda moja kwa moja kwenye nguzo. Hawakosei, maana nguzo zile nene zilizosimama bila paa tangu moto wa mwaka 1899 zinapendeza pichani. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga jumba hilo kati ya 1880 na 1882. Sehemu kubwa ya juu ilikuwa mbao, na mbao ndizo zilizoungua. Kilichobaki ni kazi ya mwashi: nguzo, hamamu, mabirika ya maji, na ukuta wa bustani ambao watu huupita bila kuugeuzia shingo.

Ukuta huo una asili yake. Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, na inasimuliwa kwamba kuta ndefu zinazozunguka mashamba ya mabwanyenye wa kule ndizo zilizompa wazo la kuizungushia ukuta bustani yake. Wazo lilivuka bahari, jiwe halikuvuka. Waashi wa Unguja waliujenga kwa walichokuwa nacho: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo kisiwani, mchanga na udongo mwekundu. Matokeo yake ni ukuta wenye sura ya Kiingereza na maradhi ya Kiunguja. Miongozo ya ukarabati iliyoandikwa Ulaya inaonya sana kuhusu maji yanayoganda ndani ya jiwe wakati wa baridi na kulipasua. Hapa hakuna barafu. Hapa kuna masika, chumvi, na mbegu za mtini wa porini. Fundi anayeifuata miongozo ile neno kwa neno huishia kutumia chokaa ngumu kuliko inavyohitajika, na kufanya kazi miezi isiyofaa.

Karibu kila kasoro utakayoiona kwenye ukuta wa namna hii ni alama ya mahali maji yalipoingia au yalipokosa pa kutokea. Kwa hiyo tutayafuata maji kwanza, toka kichwani mwa ukuta hadi miguuni, ndipo tufike kwenye mwiko. Yanayosemwa hapa yanahusu ukuta wowote wa zamani wa matumbawe kwenye nyumba ya shamba, uwe Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa. Maruhubi yenyewe ni gofu la kihistoria, na hakuna jiwe la kuguswa pale bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale.

Tumboni mwa ukuta kuna nini

Ukuta wa aina hii kwa hakika ni kuta mbili nyembamba zinazotazamana migongo, na katikati yake kuna tumbo lililojazwa mawe madogo na chokaa. Unene wa jumla kwa kawaida ni kati ya sentimita 45 na 60. Kuta hizo mbili zinashikana kwa vitu viwili tu: chokaa ya tumboni, na mawe marefu yanayopita toka uso mmoja hadi wa pili, au angalau kuvuka katikati. Mawe hayo ya kufunga ndiyo mifupa. Ukuta uliojengwa vizuri una walau jiwe moja la namna hiyo katika kila mita moja ya mraba. Uliojengwa kwa haraka una mawili matatu karibu na kona, na kwingine nyuso mbili zimeachwa zijitegemee.

Mawe nayo ni ya namna mbili, na ni vyema kuyatofautisha kabla ya kuyavunja. Jiwe la nchi kavu huchimbwa chini ya udongo wa shamba. Ni tumbawe la kale lililogeuka mwamba, gumu, lenye pembe na matundu, halichongeki kirahisi. Ndilo linalojaza sehemu kubwa ya ukuta. Tumbawe la baharini lilikatwa wakati maji yamekupwa, likiwa bado laini kiasi cha kuchongwa kwa shoka, kisha likaachwa likauke na kukaza. Hilo ni jepesi, na waashi walilitumia panapotakiwa umbo: miimo ya milango, vidaka, matao, nakshi. Ukilikuta limeanguka chini ya ukuta, liokote na ulihifadhi. Hutapata jingine, kwa sababu kukata tumbawe hai leo ni kuua mwamba unaolinda ufuo na kulisha samaki. Kwa ukarabati, mawe ya kutumia ni yale yale yaliyoanguka, na yakipungua, ongeza ya nchi kavu.

Kinachounganisha yote ni chokaa, na tabia yake ndiyo inayowapotosha mafundi waliozoea saruji. Saruji hukaza kwa kula maji. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa: gesi ya kaboni dioksaidi inaingia polepole na kuirudisha chokaa kwenye hali ya jiwe ilikotoka. Mwanzoni inaingia milimita chache tu kwa mwezi, kisha inazidi kupunguza mwendo. Katikati ya ukuta wa nusu mita kunaweza kuchukua miaka. Kwa sababu hiyo chokaa hubaki laini kidogo na yenye vinyweleo, na ulaini huo ni faida. Ukuta unaposogea kidogo, inajinyoosha badala ya kupasuka. Unapolowa, unakauka kupitia viungo vyake.

Kichwani

Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Aprili ndiyo yenye fujo kuliko miezi yote. Piga hesabu. Ukuta wenye upana wa sentimita 60 kichwani hupokea, kwa kila mita moja ya urefu wake, lita 900 kwa mwaka. Hizo ni ndoo 45 za lita 20. Kama kichwa kimefunikwa sawasawa, ndoo hizo zinatiririka na kuanguka chini. Kama kifuniko kimeng'oka, sehemu kubwa inaingia tumboni.

Ndani ya tumbo maji yanafanya kazi mbili. Kwanza yanaosha vumbi la udongo na chokaa ambayo haijakaza, na kuyashusha. Pili, mawe madogo yaliyokuwa yameshikwa na vumbi hilo yanalegea, yanateremka na kujibana kwa chini kama kabari. Juu panabaki uwazi, chini panabaki msukumo wa kwenda nje. Baada ya masika kadhaa uso wa ukuta unaanza kutoka tumbo.

Ukitaka kujua ukuta umefika wapi, chukua mpini wa nyundo na ugonge jiwe moja baada ya jingine, ukitembea kwa mstari. Palipo pazima hutoa sauti kavu na fupi. Palipo na uwazi huitika kama mtungi. Zungushia chaki sehemu hizo. Halafu shusha timazi, yaani uzi wenye kizito mwishoni, toka kichwani, lishikilie mbali na uso wa ukuta kwa sentimita 10, na upime nafasi kati ya uzi na jiwe kila sentimita 25 kwenda chini. Andika vipimo, usiamini macho, kwani ukuta wenye lipu iliyobabuka huonekana mbovu kuliko ulivyo, na wenye lipu mpya huonekana mzima kuliko ulivyo. Uso uliotoka sentimita 2 au 3 na usiozidi kutoka unaweza kuachwa kwa miaka. Uliotoka theluthi ya unene wa ukuta haungojwi.

Kujua kama unaendelea kutoka, bandika vipande vidogo vya jipsi kuvuka nyufa, upana wa vidole viwili, na uandike tarehe juu yake. Jipsi haivumilii kunyooshwa. Kikipasuka kipande cha Machi kabla ya Juni, umepata jibu. Kisipopasuka msimu mzima, ufa huo ni wa zamani na unachohitaji ni kuzibwa tu.

Kifuniko cha asili kilitengenezwa kwa namna ileile ya sakafu za nyumba za zamani: chokaa na kokoto ndogo za tumbawe, ikatandazwa na kupigwa kwa fimbo hadi ikabana. Umbo lake ni la mviringo, kama ngalawa iliyofudikizwa, ili maji yasikae. Kosa la kisasa ni kumwaga zege ya saruji juu, bapa, sentimita 10. Inaonekana imara. Jua likiwaka inatanuka, usiku inasinyaa, na kwa kuwa haikushikana na chokaa iliyo chini yake, ndani ya miaka michache ufa mwembamba unatokea pale inapokutana na jiwe. Maji yanaingia kwenye ufa huo, na sasa hayana pa kukaukia, maana juu yake pameezekwa saruji. Afadhali ukuta usio na kifuniko kabisa kuliko huo, kwa sababu wa kwanza utaonekana unaharibika.

Miguuni

Chini mambo ni tofauti. Maji hayadondoki, yanapanda. Tumbawe lina vinyweleo, na vinyweleo huvuta unyevu wa ardhini kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta. Kwenye kuta zilizo karibu na bahari unyevu huo hubeba chumvi. Unapanda nusu mita, pengine mita nzima, kisha unakauka usoni mwa ukuta. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na fuwele zake zinakua ndani ya vinyweleo hadi zinaumega uso wa jiwe chembe kwa chembe. Ule unga mweupe unaouona kwenye mkanda wa chini wa ukuta, na jiwe lililoliwa nyuma yake, ndiyo kazi yenyewe.

Hapo ndipo mtu hupiga lipu ya saruji, "kuzuia unyevu". Unyevu hauzuiliki hivyo. Ukikuta mlango umefungwa, unapanda juu zaidi kutafuta mlango mwingine, na mkanda ulioliwa unahama kutoka nusu mita hadi mita moja na nusu. Lipu nayo inajaa chumvi kwa nyuma, na siku ikianguka inaanguka vipande vipana na uso wa jiwe umeng'ang'ania mgongoni mwake.

Dawa ni ya kuchosha kwa urahisi wake. Ondoa udongo uliorundikana miguuni hadi ufikie usawa wa zamani, ambao kwa kawaida unajulikana kwa mstari wa lipu au kwa mawe makubwa ya msingi kuanza kutokeza. Usichimbe chini ya hapo, utauacha msingi bila kitako. Kwangua chumvi kwa brashi kavu, ikusanye kwenye karai na uitupe mbali. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Kisha piga lipu dhaifu ya chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 3 au hata 4, bila rangi ya mafuta juu yake. Lipu hii imewekwa iharibike. Itanyonya chumvi, itaanza kuwa unga, na baada ya miaka michache utaikwangua na kupiga nyingine. Anayelalamika kwamba "lipu ya chokaa haidumu" hajaelewa ilikuwa inadumu kwa niaba ya nani.

Lipu ya saruji iliyokwisha kupigwa isiondolewe kwa mashine. Jaribu kona moja kwa patasi na nyundo ndogo. Ikitoka peke yake, endelea. Ikitoka na jiwe, iache, itazame kila mwaka, na uondoe zile sehemu zinazolegea zenyewe.

Uzio unapogeuka kizuizi

Jambo moja husahaulika kwenye bustani za zamani. Ukuta ulijengwa kama uzio, ardhi ikiwa sawa pande zote mbili. Miaka 100 na zaidi inapita. Majani ya miembe yanaangukia upande mmoja, watu wanafagilia takataka huko, mvua inashusha udongo, anakuja mtu anajaza kifusi apate kiwanja. Siku moja upande huo umepanda mita moja na nusu juu ya upande wa pili. Hakuna aliyeamua, lakini uzio umekuwa ukuta wa kuzuia udongo, kazi ambayo haukupewa unene wa kuifanya.

Hesabu zake zinatisha kidogo. Udongo wa kawaida wa kichanga wenye kina cha mita 1.5, ukiwa unatoa maji vizuri, unaisukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya takriban kilo 700, na nguvu hiyo inagota kwenye theluthi ya kimo, yaani nusu mita juu ya kitako. Ukuta wa unene wa sentimita 50 na kimo hicho una uzito wa takriban kilo 1,350 kwa mita. Uzito huo unajizuia kupinduka kwa mkono wa sentimita 25 tu. Zidisha: msukumo unapindua kwa 350, uzito unazuia kwa 338. Ukuta uko ukingoni hata kabla ya wingu la kwanza. Sasa acha masika yaujaze udongo huo maji hadi juu. Msukumo unakuwa takriban kilo 1,500, na zaidi ya 1,100 kati ya hizo ni za maji peke yake. Kama ukuta bado umesimama, ni kwa sababu chokaa yake inapitisha maji kwenye viungo, na pengine mizizi inausaidia kuushika udongo. Anayekuja kuziba viungo hivyo kwa saruji "ili uwe imara" anaufunga mlango wa mwisho.

Ukuta uliokusudiwa kuzuia udongo huhitaji kitako cha karibu nusu ya kimo chake: sentimita 75 kwa mita 1.5. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne na nguvu ya kupindua mara nane, ndiyo maana bustani za milimani hukatwa ngazi tatu fupi badala ya moja ndefu.

Kwa ukuta wa zamani ambao hauwezi kunenepeshwa, punguza mzigo. La kwanza na bora ni kuushusha udongo. Isipowezekana, chimba nyuma ya ukuta mfereji wa upana wa sentimita 30, vipande vifupi vya mita moja na nusu kwa wakati mmoja, usiushuke msingi. Jaza kokoto safi za ukubwa wa yai la kuku. Juu yake weka kitambaa cha kuchujia au tabaka la kokoto ndogo, ndipo sentimita 20 za udongo ulioinamia mbali na ukuta. Kwa mbele, sentimita 15 juu ya ardhi, fungua matundu ya kutolea maji kila mita moja hadi moja na nusu. Usitoboe mawe. Tafuta kiungo kipana, ondoa chokaa yake hadi ufikie kokoto za nyuma, na uache mteremko wa kuelekea nje. Siku ya mvua kubwa nenda ukayaangalie. Tundu lisilotoa tone wakati jirani yake linamwaga limeziba au halikufika.

Chokaa nzuri na mchanga wake

Chokaa nyingi ya mifuko inayouzwa madukani ni ya kupaka rangi, na imekaa ghalani muda mrefu kiasi kwamba imekwisha kuvuta hewa. Hiyo imekufa, haitaunganisha kitu. Kuipima hakuhitaji maabara. Weka kijiko kimoja kwenye sahani na ukamulie ndimu. Chokaa iliyokufa inatoa povu jingi na kuchemka kwa sauti, kwa sababu imerudi kuwa jiwe la unga. Chokaa hai inalowana na kunyamaza, au inatoa mapovu machache tu.

Bora zaidi ni kuchoma au kununua ile mbichi kutoka tanuri na kuilowesha mwenyewe. Tumbawe likichomwa kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi hupoteza takriban asilimia 44 ya uzito wake, kwa hiyo jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi kwa namna isiyotarajiwa. Zito lililobaki kati ya mengine halikuiva, litoe. Wakati wa kulowesha, chokaa huwekwa ndani ya maji. Usiimwagie maji chokaa kavu, italipuka na kurusha matone yanayounguza. Tumia pipa la chuma, maji mara tatu ya ujazo wa chokaa, vaa miwani, na uwe na ndoo ya maji safi pembeni; jicho likipata chokaa, lioshwe dakika 20 bila kusimama, kisha hospitali. Uji unaopatikana upitishe kwenye chekeche, uumwage shimoni, na uache maji ya vidole vinne juu yake ili hewa isiufikie. Miezi mitatu ni ya chini kabisa. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika kama siagi, na kwa kazi ya lipu ulaini huo ndio kila kitu.

Mchanga usitoke ufukweni, hata ukioshwa mara mbili. Chumvi kidogo inayobaki itakurudia. Chukua wa shimoni, wenye chembe za ukubwa mchanganyiko na unaokwaruza ukiusugua kiganjani. Kiasi cha chokaa kinaamuliwa na mchanga wenyewe. Jaza mchanga mkavu kwenye chombo cha lita 1 hadi mdomoni. Pima maji kwenye kikombe na uyamimine taratibu hadi yafike usawa wa juu. Kama yameingia mililita 330, theluthi ya mchanga wako ni uwazi, na chokaa inatakiwa iujaze uwazi huo: sehemu 1 kwa 3. Yakiingia 400, mchanga huo una chembe za ukubwa mmoja na utakula chokaa. Uchanganye na mwingine kabla ya kuanza.

Udongo mwekundu wa zamani usiutupe. Uliwekwa kwa sababu ulikuwepo, unapunguza gharama, na unaipa chokaa mnato tumboni mwa ukuta. Lakini usiutumie kwenye viungo vya nje wala kwenye kifuniko, maana udongo wa mfinyanzi ukilowa hufura.

Kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa sentimita 50 andaa takriban ndoo 8 za mchanga za lita 20, na chini kidogo ya ndoo 3 za uji wa chokaa. Ukijikuta unatumia mara mbili ya hapo, mwashi wako anajaza mashimo kwa chokaa badala ya jiwe, na chokaa nene itasinyaa na kupasuka.

Kufungua tumbo na kulifunga

Ukuta uliotoka kupita kiasi hausukumwi urudi. Hufunguliwa. Piga picha, andika namba kwa chaki kwenye mawe ya uso, kisha anza juu na ushuke kwa umbo la pembetatu iliyosimama kwa ncha, ili mawe ya pembeni yabaki na kitu cha kukalia. Simamisha mihimili ya mbao upande wa pili kabla ya kugusa jiwe la kwanza. Mawe ya uso yapange chini kwa safu kama yalivyotoka. Ya tumboni yaweke fungu lake. Chokaa ya zamani ichekeche, itafaa kama mchanga.

Kabla ya kujenga, mawe yalowe. Tumbawe kavu lina kiu. Ukiliweka juu ya chokaa mbichi linanyonya maji yake yote ndani ya dakika chache, na chokaa inabaki unga usioshika. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, na halionekani hadi mwaka unaofuata, unapokwaruza kiungo kwa msumari na kinamwagika kama unga wa muhogo. Yatumbukize kwenye pipa usiku kucha, yatoe yamwage maji ya nje, yajenge yakiwa na unyevu bila kung'aa.

Panda sentimita 50 hadi 60 kwa siku, si zaidi, kwani chokaa ya chini haijapata nguvu ya kubeba. Jaza tumbo sambamba na nyuso, kila jiwe likilazwa kwa mkono na kugongwa, lisirushwe. Viungo vipana vipigiliwe kokoto bapa. Rudisha mawe ya kufunga hata kama mwashi wa kwanza hakuyaweka. Kila ujapo usawa mpya, mimina uji mwepesi wa chokaa na mchanga laini uzame kwenye matundu, na uziangalie nyuso zote mbili usije ukatokea upande wa pili.

Funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Nyunyiza asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7, halafu mara moja kwa siku kwa wiki mbili zaidi. Kiungo kikionyesha nyufa kama nywele siku ya pili, kibane kwa ubapa wa mti kabla hakijakaza. Fundi mwenye dawa ya fenoftalini anaweza kuvunja kipande kidogo baada ya miezi mitatu na kukinyunyizia: palipogeuka waridi pakali hapajavuta hewa, palipobaki na rangi yake pamekaza. Usishangae waridi ikijaa kwa ndani.

Kifuniko kinawekwa mwisho, unene wa sentimita 5 hadi 8, kikitokeza nje ya uso kwa sentimita 3 ili matone yadondoke mbali. Kipigwe kwa fimbo siku ya kwanza hadi maji ya chokaa yapande juu, kirudiwe siku ya pili na ya tatu, kila mara kikinyunyizwa.

Kazi hii ina majira. Kaskazi inakausha haraka mno. Masika inaosha. Kipupwe, toka Juni hadi Septemba, jua ni la wastani na upepo wa kusi hauchomi. Ukianza mwezi wa sita, kifuniko kinapata miezi mitatu kabla ya vuli.

Mizizi

Popo na ndege wanakula tini, wanatua ukutani, na kila kinyesi ni kitalu. Mche wenye unene chini ya penseli ung'oe baada ya mvua, chokaa ikiwa imelegea. Uliofika unene wa kidole usiuvute, maana utang'oa mawe. Ukate sentimita 10 kutoka usoni, na ndani ya dakika chache upake dawa ya magugu yenye glifoseti kwenye duara lililo chini kidogo ya ganda, mahali penye uhai. Katikati ya shina pamekufa tayari, dawa ya hapo ni hasara. Rudi baada ya wiki tatu, na ukiona chipukizi, kata na upake tena. Chumvi na mafuta ya taa, ambavyo watu hushauriana, viache jikoni. Chumvi itaua mtini pole pole na ukuta haraka.

Mzizi ukifa hauondoki. Unaoza mahali ulipo, na baada ya mwaka mmoja au miwili panabaki mrija mtupu unaopita tumboni mwa ukuta, njia mpya ya maji. Weka alama kila ulipokata. Mrija ukiwa wazi, osha kwa maji kidogo, ziba mdomo wa chini kwa pamba, na ujaze uji wa chokaa kwa faneli toka juu, kidogo kidogo, hadi usipungue tena.